Mapafu na Dawa ya Kupuliza

Mume wangu wanamwita Mapafu. Alipewa jina hilo na wenzake wa bendi ya matarumbeta, enzi zile alipokuwa akishikilia sauti moja mpaka wasikilizaji wanaanza kumwonea huruma, kumbe mwenyewe anawakonyeza. Mchana alikuwa mtu wa mashine ya kusaga unga, jioni ni mazoezi. Vumbi la unga alilivuta miaka nenda miaka rudi, na sigara za ujanani nazo hazikumsaidia.

Kifua kilipoanza kumbana, daktari alitueleza bila kuzungukazunguka. Mapafu yamechakaa na hayatarudi kuwa mapya, ila dawa ikifika ndani ataishi vizuri tu. Akaandikiwa pampu, kile kichupa cha dawa cha kubonyezea mdomoni. Dirishani kwa dawa tukaambiwa kwamba hii ni ya kupuliza, asubuhi na jioni, tukashukuru tukaondoka. Ni neno la kila siku, hata mimi nalitumia. Lakini mwambie mpiga tarumbeta apulize, halafu umwangalie.

Aliweka pampu mdomoni, akajaza mashavu, akabonyeza, akapuliza kwa nguvu zake zote. Ukungu mweupe ukamtoka pembeni mwa midomo. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo na pasi yangu, maana sare za bendi nazifua na kuzinyoosha mimi, na kila siku nikiuona ule ukungu nilikuwa nafurahi. Nilidhani dawa imemjaa mpaka inafurika.

Afya yake ikazidi kushuka. Kwenye gwaride akawa anaiacha sauti njiani kama mtu aliyesahau alichotumwa. Kiongozi wa bendi ni mpole, na siku ile upole wake ulinichefua. Alimwondoa kwenye tarumbeta kwa adabu zote, akamkabidhi matoazi. Akasema siku atakayoweza kumaliza wimbo wa kuingilia bila kukatika, nafasi yake ipo. Mume wangu akalifunga tarumbeta kwenye kitambaa, akalipandisha juu ya kabati. Kuanzia hapo wenzake wakaacha kumwita Mapafu. Walimwonea haya, wakawa wanamwita Mzee. Hilo liliniuma kuliko matoazi yenyewe.

Basi kliniki ya kifua ikaleta kidude kipya. Muuguzi, dada mmoja asiye na haraka, alichukua pampu tupu ya mazoezi, akaivisha kofia ndogo ya plastiki inayosikiliza pumzi na kuituma kwenye simu. Ukivuta sawasawa, simu inachora kilima cha kijani. Ukikosea, inachora bonde jekundu, na sauti ya mwanamke inakueleza kosa lako. Mume wangu alijaza mashavu, akabonyeza. Bonde lilikuwa refu, sijui hata kioo kililimudu vipi. Aliitazama ile simu, akaigeuza juu chini, akamwonyesha muuguzi kilima chake.

Mimi nilicheka mpaka nikatoka nje. Nilipoingia tena, muuguzi alikuwa amemwomba arudie, na sasa hakuwa anatazama simu. Alikuwa anatazama mashavu.

"Baba, mbona unapuliza?"

"Si mlisema ni dawa ya kupuliza?"

Dada wa watu alikaa chini. Alisema neno hilo yeye mwenyewe humwambia kila mgonjwa, na wala hakuwahi kufikiri kwamba linaweza kusikika kinyume. Akatuomba radhi. Kisha akamfundisha upya: toa pumzi kwanza, anza kuvuta taratibu, bonyeza huku unavuta, halafu ishikilie ndani.

Tukarudi nyumbani na kidude, na ndipo nilipopata mke mwenza. Yule mwanamke wa kwenye simu hakumpa nafasi. Umevuta haraka mno, anamwambia, jaribu tena. Mpiga tarumbeta amezoea kunyakua hewa kati ya sauti na sauti, kwa hiyo kuvuta polepole kulimshinda kabisa. Alimjibu kwa ukali, akamnunia, akamfunika na mto. Nikamwambia mimi amenisikiliza tangu ujana wetu na hajawahi kunitii hata mara moja, sasa aone atakavyotiishwa na mtu asiye na mwili. Alitii. Kushikilia pumzi ndiko kulikomnyoosha, kwa sababu hapo alikuwa nyumbani kwake. Mke mwenza alipomsifu kwa mara ya kwanza, mzee mzima alisimama, akavuta kola ya shati.

Siwadanganyi, hakupona. Ngazi bado zinamsimamisha katikati. Lakini dawa sasa ilikuwa inafika ndani, na asubuhi moja nilimkuta amepanda kwenye stuli, anafuta vumbi kwenye kile kitambaa juu ya kabati.

Siku ya mazoezi nilimfuata ukumbini na mzigo wa sare, ingawa zingeweza kusubiri. Alikwenda pembeni, akavuta dawa yake bila papara, akatulia. Kisha akalifungua tarumbeta lake kitambaani, akaomba wimbo wa kuingilia. Mimi nilikuwa nimekamata ukingo wa meza. Alipofika pale mahali alipokuwa akikatika, hakukatika. Aliipeleka sauti mpaka mwisho, akaiweka chini polepole, na alipomaliza alikuwa anahema, lakini amesimama. Niliona fahari, na sioni aibu kusema. Nilitamani mtaa mzima ungekuwa mle ndani.

Wenzake hawakupiga makofi. Kiongozi alikwenda kwenye kiti cha mume wangu, akayachukua yale matoazi, akayageuzageuza mikononi kama mtu anayetafuta pa kuyaweka.

"Mapafu," alisema, "haya sasa tumpe nani?"

Mimi nikainama chini ya meza, nikatafuta kifungo ambacho hakikuwa kimeanguka.