Kompyuta ya Kuchongea Watu

Mimi ni mchonga sanamu wa Handeni. Siku hizi patasi nimeiweka pembeni, nachonga kwenye skrini. Juzi niliingia duka moja Korogwe nikiwa nimejiapiza kwamba sibambikiwi prosesa kuukuu.

“Shikamoo mzee. Nataka kompyuta ya kuchongea watu. Prosesa kali, RAM giga thelathini na mbili.”

Mwenye duka akafunga droo taratibu. Nikajua tu, huyu anaficha mali nzuri.

“Watu gani?”

“Yeyote. Hata wewe mzee. Hayo makunyanzi ndiyo yanayotaka RAM.”

Akanyanyua simu. “Mwenyekiti, njoo haraka. Kuna mtu katumwa kutuchongea.”

Mwenyekiti wa mtaa alipofika, nikamwonyesha kwenye simu yangu sanamu ya bibi yangu niliyoichonga.

Akaitazama, akaniuliza kwa upole, “Na bibi yako ulimchongea kwa nani?”