Siku Nilipofunua Blanketi

Sipendi kabisa watu wanaoniambia nina moyo wa huruma. Sina. Nina hasira, na hasira ndiyo iliyonitoa wodini nikawa mtafiti. Nilianza kazi Singida mjini kama mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Niliwafundisha watu walioumia uti wa mgongo kukaa, kujivuta kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, kuishi upya. Wengi walikuwa wameanguka kutoka juu ya miti wakitundika mizinga ya nyuki. Tulihangaika nao miezi na miezi, wakarudi makwao ngozi ikiwa nzima, halafu wakarejeshwa na vidonda vya kulalia ambavyo ngumi ingeingia ndani yake. Wakubwa wangu walikuwa na jibu moja: ndugu ni wazembe. Niliwaamini. Nikaandika pendekezo zima la utafiti juu ya imani hiyo, likapita, nikapewa gari, nikaanza kuzunguka vijijini na fomu zangu kuwasaka wazembe.

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa mwanamume wa rika langu, mrina asali wa kijiji kimoja mbele ya Nduguti. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi kuanzia kiunoni. Mtu wa namna hiyo mfupa ukimkandamiza nyama hasikii kitu, kwa hiyo lazima ageuzwe mara kwa mara na lazima mtu amwangalie ngozi kila siku, hasa makalioni. Mkewe alikuwa amerudi kwao Mkiwa. Aliyebaki kumuuguza ni mama yake, na huyo mama nilimfundisha mwenyewe hospitalini, kwa mwanasesere wa plastiki, akiitikia kwa kichwa kila nilichosema.

Nilifika kwao asubuhi nikiwa tayari nimekasirika, maana barabara ilikuwa imenitoboa tairi. Majirani wawili wanawake waliliona gari wakaja. Nikamsalimia mama, akaitikia, tukaingia wote ndani. Nikatoa fomu.

"Mama, unamgeuza kila baada ya saa mbili?"

"Namgeuza."

"Na ngozi unaikagua kila siku?"

Akatazama mlangoni. "Namgeuza, daktari. Hata usiku naamka."

Sikulipenda jibu hilo. Tena kulikuwa na harufu mle ndani, na mimi harufu ile naijua. Nikaona nimemkamata. Nilijisikia vizuri, nakiri, nilijisikia vizuri kama mtu aliyeshinda kesi. Nikalishika blanketi nikalifunua lote, nikamgeuza yule mwanamume ubavu.

"Funika," akasema.

Kidonda kilikuwa juu ya makalio, upana wa kiganja, kimeanza kuwa cheusi kandokando. Mama alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Majirani nao wakageukia ukutani. Mimi nikadhani ile ni aibu ya mtu aliyefumaniwa na uvivu wake.

"Sasa ndiyo unaona haya, mama? Mwanao anaoza wewe umekaa tu?"

"Funika, dada," yule mwanamume akasema tena, na safari hii sauti ilikuwa ya kuomba.

Sikufunika. Nilimshika mama mkono, mtu mzima anayelingana na mama yangu, nikauvuta ule mkono na kanga yake. Nikamwambia, "Tazama." Akatazama. Kisha nikaweka rula kando ya kidonda nikapiga picha, kwa ajili ya utafiti.

Mimi ni mzaliwa wa Mandewa. Nimelelewa na Wanyaturu, nimekua nikijua kwamba mama hamtazami mwanawe wa kiume aliyekwisha kuoa akiwa uchi. Hakuna aliyehitaji kunifundisha hilo. Lakini shule ilinikaa kichwani ikasukuma vingine vyote nje, na siku ile sikukumbuka hata chembe. Nilimwonyesha mama namna ya kuosha kidonda na kubadilisha bandeji, nikamwachia vifaa, nikamwambia asipofanya atamzika.

Alifanya. Muuguzi wa zahanati alikuwa akinitumia picha kila wiki, na kila wiki kidonda kilikuwa kimepungua. Profesa wangu alifurahi, akaniambia hii ndiyo kesi ya kuonyesha kwenye semina. Niliionyesha. Wenzangu walipiga makofi, na nilipokuwa nimesimama pale mbele niliwadharau ndugu wote wa wagonjwa wote.

Nilirudi alizeti ikiwa imeshavunwa. Kidonda kilikuwa kimefunga, ngozi mpya ya waridi, safi kabisa. Nilimpongeza mama kwa sauti, nikampigia makofi palepale. Hakucheka. Akanitoa nje hadi kwenye kichanja cha vyombo.

"Nilikuwa namgeuza nikitazama ukuta," akasema. "Tulikubaliana hivyo, mimi na yeye, bila kusemezana. Blanketi halitoki. Wewe ulivyonifundisha kwa yule mtoto wa plastiki, ningekuambia nini mbele za watu?"

Nikamwambia mtu angeweza kufa.

"Najua. Ungeniuliza nani wa kumtazama, ningekuambia. Binamu yake yuko pale barabarani, anatengeneza baiskeli. Wanataniana tangu utotoni, yule hamwonei haya. Angekuja kila siku akamwosha huku akimtukana, wakacheka." Akapangusa sufuria ambayo tayari ilikuwa kavu. "Hukuuliza. Uliniamuru mimi, na tangu siku ile namwosha mimi. Anageukia ukutani. Hajaniita mama tena. Chakula anakula, maji anakunywa, ila hasemi na mimi."

Moyo wangu uligeuka nikamchukia profesa, nikaichukia semina, nikajichukia mimi zaidi ya wote. Nikarudi ndani kwa haraka, kama kawaida yangu, nikidhani hili nalo litarekebishika leo leo. Nikachuchumaa karibu na kitanda. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, mama hakuwa na kosa lolote, nitamleta binamu yake sasa hivi kwa gari, yeye aseme na mama yake tu, hata neno moja.

Alinigeukia. Mlangoni mama yake alikuwa amesimama, anasikiliza.

"Kidonda kimepona?" yule mwanamume akaniuliza.

"Kimepona."

"Basi andika kimepona, uende."

Fomu ilikuwa mkononi mwangu. Niliandika.