Chumba cha Restuta Hakifagiwi

Restuta alimwaga poda asubuhi ya kuondoka, Jumatatu moja ya Januari 1997, na mama yake akakataza isifagiwe. Mambo yote yalianzia hapo.

Wao walikuwa ghorofa ya nne, mimi ya tatu, chini yao kabisa, katika majengo ya council, nyumba za serikali ya mtaa, pale Peckham, London. Mama yake, Blandina, ni mtu wa Bukoba, Mkatoliki asiyekosa misa, na kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani. Mimi ni Mzanzibari, nilikuwa napika shuleni, saa tisa kasorobo mchana nimesharudi. Tulipeana funguo za nyumba zamani. Hasira zangu ni za karibu, na uchafu siuvumilii. Blandina anayajua yote mawili, na ananivumilia.

Restuta alikuwa na miaka ishirini na miwili. Aliletwa London ana miaka sita. Aliuza viatu dukani, na Jumapili aliimba kwaya. Mguu wake wa kulia una vidole vinne tu. Kile kidogo kilikatwa na jembe utotoni, kwa hiyo wa kushoto huutua kwa kishindo, wa kulia kwa kunyata. Miaka kumi na sita nilimsikia akitembea hivyo juu ya kichwa changu. Aliye juu mngojee chini, nami nilingoja chini, nikijua yuko jikoni au yuko kitandani.

Kanisani walisikia habari za masista wa Romania wanaolea watoto wasio na wazazi, na Restuta akaamua kwenda kujitolea miezi sita. Angekwenda peke yake, kwa coach, basi la safari ndefu, kutoka kituo cha Victoria mpaka Budapest, halafu treni. Alisema anataka kuiona njia.

"Msafiri kafiri," nilimtania mlangoni.

"Bi Sheikha, mimi kwako si ni kafiri siku zote?" Akacheka, akanishika mkono kwa mikono miwili. Nilimpenda mtoto yule kama wa tumbo langu, na sijamwambia mpaka leo.

Alipokwisha kushuka ngazi nikachukua ufagio niiondoe ile poda. Blandina akanizuia.

"Dada Sheikha, acha. Kwetu msafiri akitoka, chumba chake hakifagiwi mpaka ije habari kwamba amefika. Ukifagia unamfutia njia."

"Kwetu pia hatufagii nyuma ya msafiri, lakini siku ile ile tu, si wiki nzima. Na padri wako analijua hilo?"

"Padri hafagii kwangu," akasema, akaufunga mlango wa chumba.

Jumanne Restuta alipiga simu kutoka Brussels, amechoka, mzima. Siku hiyo hiyo, saa tisa mchana, nilikuwa nakoroga uji nikasikia kishindo juu. Kishindo, kisha kunyata. Kishindo, kisha kunyata. Nikasema moyoni, Restuta huyo, na nikaendelea kukoroga. Mwiko ulikuwa bado mkononi nilipokumbuka kwamba Restuta yuko ng'ambo ya bahari na Blandina yuko kazini.

Jumatano alipiga kutoka Vienna. Saa tisa hatua zikaja tena. Nilichukua ufunguo, nikapanda, nikapiga hodi mara tatu kwenye nyumba niliyojua haina mtu. Nikaufungua mlango wa chumba.

Poda ilikuwa imetanda kutoka kitandani mpaka chini ya dirisha. Juu yake palikuwa na nyayo, za mtu asiyevaa viatu, zimeanzia ubavuni mwa kitanda, zimefika katikati ya chumba, basi. Hazikurudi. Niliinama kuzitazama. Mguu wa kulia ulikuwa na vidole vinne.

Nikajiambia ni zake za Jumatatu, amekanyaga kabla ya kuvaa soksi. Nilishuka na kuswali, na uji wangu niliukuta umeungua.

Blandina sikumwambia. Ningemwambiaje? Alikuwa anarudi kazini miguu imemvimba, anakaa karibu na simu na koti lake mwilini.

Alhamisi hatua zilikuwa za haraka. Nilipanda. Nyayo zilikuwa zimeongezeka. Zilitoka pale katikati zikaenda moja kwa moja dirishani, na ya mwisho ilikuwa imebakiza shubiri moja kufika ukutani. Ghorofa ya nne ile, chini ni zege tupu. Dirisha lilikuwa limefungwa, hata hivyo niliona wazi kwamba hatua nyingine moja na mtu huyo hayumo tena ndani.

Hapo hasira zikanipanda, na hasira zangu huja pale woga unapozidi. "Hebu simama," nikasema kwa sauti. Nikachukua ufagio wa Blandina nikafagia, nikianzia dirishani kurudi mlangoni, mpaka sakafu ikang'aa. Saa yangu ilisema tisa na nusu. Nilizoa poda yote, na chini kwangu tu ndipo nilipokumbuka nimefanya nini. Mtoto hajafika, nami nimemfutia njia.

Ijumaa simu haikulia. Jumamosi haikulia. Blandina alipiga kwa masista, laini haishiki. Nilikaa naye tumeshikana mikono, yeye na rozari yake, mimi na tasbihi yangu.

"Angalau chumba hatujakigusa," akasema. Nilitamani ardhi inimeze. Tangu Jumatatu mlango ule alikuwa hajaufungua, akiogopa hata upepo usiingie.

Jumapili mchana simu ililia. Blandina alisikiliza, akapiga magoti palepale, akalia, kisha akanipa mimi mkono wa simu, akaenda kunawa uso.

"Bi Sheikha, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umefika?"

"Nimefika, simu za huku zilikatika kwa theluji. Mama usimwambie haya, please." Sauti yake ilikuwa ndogo. Alhamisi alishuka treni kituo sicho, akaambiwa kijiji cha masista kiko ng'ambo ya shamba tu. Theluji ilianza kuanguka, njia ikapotea, giza likaingia. "Nikaona nyayo mbele yangu. Nikazifuata. Nilikuwa na tochi, nikazimulika, nikaona ni za miguu mitupu. Kwenye theluji, Bi Sheikha. Na wa kulia una vidole vinne."

Nikageuka kutazama kama Blandina anasikia.

"Nikafikiri nimechanganyikiwa na baridi. Nikazidi kuzifuata, maana hapakuwa na njia nyingine. Halafu zikakatika ghafla, kama mtu kapitisha ufagio. Nikasimama. Nikaogopa hata kunyanyua mguu, nikakaa chini nikaita mpaka mzee mmoja wa pale akaja na farasi. Asubuhi akanionyesha. Hatua kumi mbele yangu ni mto, umefunikwa na barafu nyembamba."

"Ilikuwa saa ngapi?" nikamuuliza.

"Saa kumi na moja na nusu za huku."

Romania wako mbele yetu kwa saa mbili. Nilihesabu kwa vidole, mara ya kwanza na ya pili.

Alirudi Julai, amekonda, ana furaha, na mwezi uliofuata akasema anakwenda tena. Siku moja kabla ya safari alikuja kwangu kunywa chai. Mama yake alikuwa kazini, begi liko juu limefungwa. Nilikuwa nimeshaamua kumwambia kila kitu. Nilifungua kinywa, na juu ya vichwa vyetu pakasikika kishindo, kisha kunyata.

Restuta aliweka kikombe. Tuliitazama dari wote wawili. Hatua zilitoka kitandani, taratibu, kuelekea dirishani.

"Bi Sheikha," akasema, "nani yule?"

"Sijui, mwanangu. Kunywa chai yako."

Nikachukua ufagio wangu nyuma ya mlango, nikapanda.

Amekwenda na kurudi mara sita tangu siku hiyo. Sasa ni nesi, ana mume na mtoto. Kila akisafiri Blandina hufunga mlango wa chumba chake cha zamani, na akishakwenda kazini mimi hupanda kufagia. Na kila simu ya kufika ikilia, Blandina hunikumbatia, akamshukuru Mungu kwamba chumba hakikuguswa.