Mguu Mmoja Chini ya Maji

Daktari alimwambia mama atafute mazoezi ya kushusha presha ambayo hayataumiza magoti yake, na mama akageuka akaniangalia mimi, kana kwamba presha ilikuwa yetu sote wawili.

"Siendi peke yangu," alisema tukitoka getini. "Tutaenda na wewe."

Mimi si mtu wa kumpeleka mwenzake mahali pa kuangaliwa na watu. Mwaka huo nilikuwa kidato cha tatu, shule ya kutwa, na darasani nikijua jibu nilikuwa naliandika pembeni mwa daftari, nasubiri mwingine aliseme, halafu najiwekea alama ya vyema. Lakini kumwambia mama hapana nako kunataka sauti. Kwa hivyo Jumamosi moja asubuhi nilijikuta kando ya bwawa la hoteli moja hapa mjini Kakamega, nimevaa taiti na tisheti, nimejifunga leso mpaka shingoni.

Tulikuwa watu kumi na wawili, wote wamama isipokuwa mimi. Kocha alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye filimbi shingoni. Darasa lake halikuwa la kuogelea tu. Unavuka bwawa upande ule maji yanafika kifuani, unatoka, unaenda kwenye simiti ambako amepanga mitungi ya mafuta ya kupikia aliyoijaza mchanga, unainua miwili miwili mara kumi na tano, unachuchumaa na kuinuka mara ishirini, halafu unarudi majini. Huo ni mzunguko mmoja. Tulifanya minne.

"Maji yanabeba magoti, mchanga unajenga nyama," alikuwa akisema. "Ukifanya kimoja umefanya nusu."

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, watu wanakuwa wawili wawili, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma. Wa mbele anajua kuogelea kidogo, na wa nyuma anamfuata karibu karibu akimwiga. Ya pili, mtu mmoja akikwama katikati ya maji, kikundi kizima kinarudia kuchuchumaa mara ishirini.

"Nani hapa anajua kuogelea?" aliuliza siku hiyo ya kwanza.

Mama akauinua mkono wangu kwa mkono wake. "Huyu! Walikuwanga wanaenda mtoni na wenzake kule Chekalini, kwa kukhu wake."

Ni kweli, tukiwa kwa nyanya tulikuwa tunaenda mtoni. Tulikuwa tunaoga. Maji yalikuwa yananifika magotini. Nilifungua mdomo niseme hivyo, nyuso zote zikanigeukia, nikaufunga.

"Basi wewe ni wa mbele wa mama," kocha akasema, akapuliza filimbi.

Nikaingia. Nilinyoosha mikono nikaanza kuizungusha kama nilivyoona watu kwenye televisheni, na mwili ukaanza kuzama. Hapo mguu wangu wa kulia ulishuka wenyewe, ukagusa vigae, ukanisukuma mbele. Ukashuka tena, ukanisukuma tena. Juu mikono ilikuwa inaogelea, chini mguu mmoja ulikuwa unaruka kama wa mtoto anayecheza kwenye mistari ya chaki. Nilifika ng'ambo nikashika ukuta. Wamama wakapiga makofi. Kocha alikuwa kule kwenye mitungi akiwahesabia wengine. Alichoona yeye ni maji yakiruka.

Nilijiambia nitasema Jumamosi ijayo. Nilifikiria wamama wale, wengine wana miaka zaidi ya hamsini, wakichuchumaa mara ishirini kwa sababu yangu, nikaona heri Jumamosi ile nyingine.

Wiki ya pili mama alivuka. Alikuwa amenunua miwani ya kuogelea, yake na yangu, na alikuwa anakuja nyuma yangu karibu sana, nahisi maji anayosukuma yakinigonga nyayo. Alipofika ukutani alivua miwani, macho yamezungukwa na duara mbili, akacheka kama msichana wa darasa langu.

"Umeniona? Umeniona lakini?"

"Nimekuona, mama."

"Na bado nina miaka arobaini na saba!"

Rafiki yake mle kikundini alikuwa mama mmoja wa Lubao anayefanya biashara ya mbuzi sokoni. Siku ya kwanza alijitambulisha, "Mimi ni wa mbuzi," na jina likabaki hilo. Alikuwa anaogelea na tisheti ya kampeni, ile pana, na akiingia majini hewa inajaa ndani, uso wa mheshimiwa unavimba kifuani pake.

"Mama wa mbuzi, mgombea wako ananona!" mama alimwambia.

"Acha anone. Si ndiyo kazi yao?"

Tulicheka mpaka kocha akatuongezea mzunguko. Naandika haya ili ieleweke kwamba mama alikuwa na furaha. Kazi yake ni ya kukaa, anatunza mafaili katika ofisi moja ya serikali, na miaka yote nimemjua akirudi nyumbani jioni akiwa ameshika kiuno. Sasa alikuwa anapanda ngazi za ofisi bila kupumzika katikati. Alikuwa anainua mtungi wa maji jikoni kabla ya kupika, mara kumi na tano, akihesabu kwa sauti ya kocha. Kanisani aliwaambia watu, "Huyu binti yangu ndiye amenifundisha kuogelea," na mimi niliangalia viatu vyangu. Kila Jumamosi uwongo ulikuwa unamfanya mama apone kidogo. Ningeutoaje?

Halafu kocha akatangaza kwamba Jumamosi itakayofuata tungevuka upande wa pili wa kamba. Kule maji yanampita mtu mzima kichwa.

Nilielewa palepale. Mimi nikienda, mama atanifuata. Na kule hakuna vigae vya kukanyagia, angalau si mahali ambapo mguu unaweza kufika. Mimi mwenyewe ningeweza kusingizia tumbo. Lakini mama alikuwa anaamini ana mtu mbele yake.

Wiki nzima nilijaribu. Jumatatu alikuwa anasonga ugali.

"Mama."

"Sema."

"Yale maji ya kule ni marefu."

"Si utakuwa mbele yangu?" Akageuza mwiko, akaupiga ukingoni mwa sufuria. "Leta sahani."

Nikaleta sahani.

Jumatano niliandika kwenye karatasi: Mama, sijui kuogelea, nakanyaga chini. Nikaiweka ndani ya mkoba wake wa kazini. Usiku sikulala vizuri, na asubuhi alipoenda kuoga niliitoa nikaitia kwenye moto wa jikoni. Ijumaa mvua ilinyesha mchana kama kawaida ya huku, na niliomba inyeshe mpaka Jumamosi jioni. Haikunyesha.

Tulimaliza mzunguko mmoja upande wa kifuani, tukajipanga mstari upande wa maji marefu. Baada ya mvua maji yalikuwa baridi, yenye rangi ya majani, na chini hapakuonekana. Kocha alisimama mbele yetu akatuangalia mmoja mmoja.

"Kabla hatujaanza. Kuna mtu hayuko tayari? Aseme tu. Hakuna aibu hapa."

Mama wa mbuzi akainua mkono. "Kocha, mimi huko sifiki. Mimi ni wa nchi kavu kama mali yangu."

Watu wakacheka. Kocha naye akacheka, akamwambia akae kwenye mitungi aendelee na mchanga. Hakuna mtu aliyerudia kuchuchumaa. Hakuna aliyemwangalia vibaya. Mama wa mbuzi alienda zake akitingisha maji kwenye tisheti.

Niliona jinsi ilivyo rahisi. Niliona kabisa, maneno manne tu, hata matatu. Na bado sikuweza. Sina la kujitetea hapo. Kocha aliuliza kwa upole, alingoja, na mimi nilikuwa nakaza mpira wa miwani yangu ambao haukuwa umelegea.

Wawili wa kwanza walivuka. Kocha alikuwa anatembea ukingoni sambamba nao. Wa pili walivuka, mmoja wao akakohoa karibu na ukuta wa mbali, kocha akainama kumpa mkono. Ikafika zamu yetu. Vidole vyangu vya miguu viliung'ang'ania ukingo. Nikaanza tena kukaza mpira wa miwani.

"Nini?" mama aliuliza. "Unaogopa leo?" Akanipapasa mgongo kwa kiganja chenye maji. "Haya basi. Leo mimi nitakuwa wa mbele."

Akaketi ukingoni, akateleza akaingia, akasukuma ukuta.

Mikono ilikuwa sawa. Mmoja, wa pili. Halafu nikaona mguu wake wa kulia ukishuka. Nilijua unatafuta nini. Ulishuka, ukaendelea kushuka, na mwili wote ukaufuata, na kofia yake ya plastiki ya kuogea, ile ya maua, ikabaki juu ya maji peke yake.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Neno lilikuwa "kocha", silabi mbili, na halikutoka. Sikuruka pia, maana ningerukia nini? Nilisimama. Mkono mmoja wa mama ulitoka nje ya maji ukashika hewa.

"Woi! Kocha! Mama anaenda! Mama anaenda!"

Alikuwa mama wa mbuzi, kule kwenye mitungi. Kocha aligeuka akaruka na filimbi yake na viatu vyake, akamfikia, akamleta juu akimshika kwapani. Wamama watatu walimvuta wakamlaza kwenye simiti. Alikohoa, akatapika maji, akakohoa tena. Mtu alimfunika leso yangu. Mimi nilikuwa bado nimesimama palepale ukingoni, na nakumbuka nilikuwa nahesabu kukohoa kwake, kana kwamba tukifika ishirini tutakuwa tumemaliza.

Alipoweza kukaa, kocha alipiga magoti mbele yake, maji yakimchuruzika.

"Pole, mama. Pole sana. Lakini wewe umekuwa ukivuka vizuri kila wiki. Nini kimetokea?"

"Hapakuwa na chini," mama akasema.

"Chini gani?"

"Pa kukanyagia. Nilipeleka mguu kama tunavyofanyanga. Mkono, mkono, mguu. Mkono, mkono, mg..."

Aliona uso wa kocha. Kisha mama akainua macho akaniangalia, na nikaona akielewa. Ilimchukua muda, alikuwa anarudi nyuma Jumamosi moja moja. Majuma yote hayo, na miwani yake mipya, alikuwa ameutazama mguu wangu chini ya maji akadhani huko ndiko kuogelea kwenyewe.

"Nani alikuonyesha hivyo?" kocha aliuliza.

"Hakuna," mama akasema. "Nilijifanyia tu."

Kocha akashika kichwa. Alisema makosa ni yake, kwamba alikuwa anahesabu mitungi na hakuangalia miguu ya watu. Alisema mara mbili. Na mimi nilimwacha aseme.

Nyumbani nilimchemshia chai yenye tangawizi nikampelekea kitandani. Nikakaa kwenye kona ya godoro.

"Mama, mimi sijui kuogelea."

"Nilijua pale kwa simiti."

"Nilitaka kukuambia. Jumatatu nilitaka. Jumatano niliandika."

Alikunywa chai kidogo. Sauti yake ilikuwa imekwaruzwa na maji. "Mimi ni mamako," alisema. "Mimi si darasa."

Hakunipigia kelele. Heri angenipigia.

Jumamosi iliyofuata alikubali kunisindikiza, lakini alikuja na sketi na viatu vya kufunga kamba. Alikaa kwenye benchi la mbao, mbali na maji. Kocha alipokuja kutusalimu nilisema. Nilisema nikiangalia filimbi yake: sijui kuogelea, nilikuwa nakanyaga chini, mama alinifuata mimi, si makosa yako.

"Ongea tusikie, mukhana, binti wewe," mama wa mbuzi akasema, na hakuwa anatania.

Nikasema tena kwa sauti zaidi. Mmoja akafyonza meno. Mwingine akasema, "Sasa huyu mtoto, hata hapana pole?" na nikasema pole, na pole hiyo ilikuwa ndogo sana kwa kitu chenyewe. Kocha akaniambia niingie maji ya kifuani, nishike ukuta kwa mikono miwili, miguu yote miwili juu, nipige.

Nikapiga. Miguu ilizama, akaniambia nianze tena. Ikazama, nikaanza tena. Wengine walivuka, wakatoka, wakainua mitungi, wakarudi, na mimi bado niko ukutani. Katikati ya mzunguko wa tatu niliweza kukaa juu ya maji kwa muda wa kuvuta pumzi tatu. Nikageuza kichwa kumtafuta mama.

"Mama, njoo! Ni hapa tu, pafupi. Tunashika ukuta."

Wamama wengine nao wakamwita. Mama wa mbuzi alimwendea akamshika mkono kabisa, akamvuta kwa utani. Mama alitabasamu, akautoa mkono wake taratibu, akauweka tena chini ya paja lake, juu ya ubao.

"Endelea," akaniambia. "Nakuona kutoka hapa."

Nilimwita Jumamosi ile, na iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Jibu lilikuwa hilohilo. Sasa naweza kuvuka upande wa kifuani bila kugusa chini, na yeye siku hizi haji hata kwenye benchi.