Zamu ya Shamba la Susu

Leo nimewapangia viti wageni ambao hawakukaa.

Iko hivi. Wiki tatu zilizopita tulimzika Susu, nyanya yangu aliyenilea, hapa karibu na Kikima. Asubuhi nikaona wamama wa mwethya wakipanda kilima, kile kikundi chake cha kulimiana mashamba kwa zamu. Nikajua ni pole tena. Nikatoa viti, nikaweka chai jikoni, hata tishu nikaweka mezani.

Wakafika. Kila mmoja na jembe begani.

"Leo ni zamu ya Susu wako," akasema Mama Mutheu, mkubwa wao. "Tuonyeshe mitaro tutaanzia wapi, kabla mvua ije."

Jamani! Nikamwambia polepole, "Lakini Mama, si Susu hayuko."

Akashusha jembe begani.

"Najua hayuko, mwanangu. Shamba si liko?"

Wakajipanga mstari, wakaanza kuchimba wakiimba. Wengine wao wamepita miaka sabini! Mimi nimesimama hapo na birika kama sanamu.

Ndipo nikaona.

Katikati ya mstari kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyeiziba. Wakisonga mbele, nafasi inasonga nao.

Niambieni, nyinyi mngefanya nini?

Mimi niliweka birika chini, nikaenda kuchukua jembe la Susu, nikaingia kwenye ile nafasi.

Sasa mikono ni malengelenge tupu, hata kuandika hapa ni shida. Alhamisi tuko kwa Mama Mutheu. Nimeshaonywa nisichelewe, kwa sababu mahali nimesimama hapajawahi kuchelewa.