Kamba ya Mkuki

Askari wa geti la kiwanda chetu cha chai hakuwahi kuinua mkono kupita bega. Hata akimpungia dereva wa lori, viwiko vilibana mbavu. Wazee wake walikuwa watu wa mashimoni, waliopigana ndani ya mahandaki membamba, na mkuki wao aliuegemeza kibandani: mfupi kama mwiko wa ugali, na kamba ndefu ya ngozi kwenye mpini. Kila asubuhi aliipaka kamba mafuta. Chuma alikiacha kishike kutu. Wachuma chai walimcheka: "Mzee, hiyo ni ya kufunga ng'ombe?"

Alasiri moja ya mwaka wa 1968 nilijikinga mvua kwake, nikamuuliza kamba ni ya nini. "Ya mwenzako," akasema. "Wewe unatangulia, yeye anashika nyuma. Ukiumia unang'ang'ania mpini, anakuvuta utoke." Nikauliza mwenzake yuko wapi. Akanipa ncha ya kamba. "Shika kidogo tu, karani." Akashika mpini, akanigeuzia mgongo, akayatazama mashamba. Mvua ikakatika. King'ora cha kuniita kwenye mizani kikalia. Hakugeuka, na mimi sikuiachilia.