Tulipanda Basi la Wanaotaka Kuachana

Mimi na mke wangu tulipanda basi asubuhi tukiwa tunapendana. Jioni tulishuka tukiwa hatusemeshani.

Hapo katikati hakukuwa na mchepuko, wala pombe, wala meseji iliyokutwa kwenye simu. Kulikuwa na majani mekundu tu, na mama mmoja mwenye kipaza sauti.

Tulieni niwape.

Naitwa Gyu-tae. Mke wangu ni So-dam. Ndoa yetu ina miaka sita, mtoto bado. Mwezi wa nane tulihama Seoul tukaja Jeonju, kwa sababu kampuni yetu ya lifti ilinihamishia tawi la huku.

Hilo neno "ilinihamishia" tutalirudia.

So-dam aliacha kazi kwenye kliniki ya meno, kazi ya miaka tisa, akanifuata. Siku ya kufunga maboksi alilia kidogo, akajifuta, akaniuliza kama Jeonju kuna sehemu nzuri za kupiga picha.

Aisee, zilikuwepo.

Vuli ilipoingia na milima ikaanza kubadilika rangi, tukawa watu wa matembezi. Jumamosi hii hekaluni. Jumamosi ijayo kando ya mto. Inayofuata, mtaa wa ile miti ya majani ya manjano ambayo matunda yake ukiyakanyaga yananuka kama matapishi.

Pichani harufu haionekani. Pichani tuling'aa.

So-dam alikuwa anatembea na makoti matatu kwenye begi. Anavaa la kwanza, anapiga. Anavaa la pili, anabadilisha nywele, anapiga. Mimi ndiye mbeba begi na mpiga picha.

"Inamisha simu kidogo, umenifanya mfupi!"

"Si ndiyo urefu wako?"

"Gyu-tae, usinitibue."

Halafu wiki nzima picha zinadondoka mtandaoni moja moja. "Jumanne tulivu, mimi na chai yangu, Jeonju mji wangu." Marafiki wa Seoul wanatokwa na udenda. "Jamani mnafaidi!" Mimi najibu kwa maringo, "Karibuni."

Ukweli ni kwamba mji mzima tulikuwa tunamjua mtu mmoja tu, muuza tofu ya soya wa chini ya jengo letu. Na yeye alikuwa ananiita kwa jina la mpangaji aliyehama.

Mwisho wa mwezi wa kumi nikalipia safari ya basi kwenda Mlima Naejang, ambako majani yakikolea hata mtu mwenye roho ngumu anatoa simu. Kukutana ni saa moja na nusu asubuhi, maegesho ya uwanja wa michezo.

Tukachelewa. Koti la tatu lilikuwa halijapigwa pasi.

Tulifika tunakimbia, ukungu umetanda, mabasi mawili yamewashwa. Kwenye kioo cha basi la karibu kulikuwa na karatasi: "Safari ya Majani ya Vuli." Chini yake kulikuwa na maneno mengine, ila wipa iliyafunika.

Mama mmoja wa makamo, kofia nyekundu, akashuka mbio na orodha mkononi.

"Nyie ndio akina Pyo?"

Mimi ni mtu wa kuona aibu nikichelewa. Niliinama hadi kiuno nikasema, "Samahani sana mama, samahani sana." Akachukulia kwamba ndiyo.

"Pandeni basi, mnasubiriwa nyie tu!"

So-dam akaninong'oneza, "Pyo ndiye nani?"

"Labda ndilo jina la kampuni. Panda."

Tukapewa vizibao vyekundu vyenye moyo mgongoni, na kila mtu boksi la wali wa kuviringishwa kwenye mwani. Nikasema moyoni, kumbe watu wa Jeonju ni wakarimu hivi!

Ila basi lilikuwa na kitu.

Basi la kwenda kuona majani mimi nalijua. Huwa watu wanaimba kabla halijatoka mjini, akina mama watu wazima wanacheza kwenye korido, dereva anafoka. Hili lilikuwa kimya. Wake wamekaa kulia, waume kushoto, kila mtu anatazama dirisha lake.

"Mbona kama tunaenda msibani?" So-dam akauliza.

Tukakaa pamoja, sisi peke yetu. Watu wakatugeukia, wakatuangalia kama tumetukana.

Basi likaondoka. Mama wa kofia akashika kipaza sauti.

"Habari za asubuhi. Mimi ni Mwalimu Bong, mshauri wenu. Najua wengi mmekuja shingo upande. Wengine mmeshajaza fomu za talaka. Lakini kabla hamjaachana, leo mlima utasema nanyi!"

Wali ulinipalia. Nikakohoa mpaka machozi.

"Unaona," Mwalimu Bong akaninyooshea kidole kwa upole, "Baba Pyo ameanza kulia. Vizuri. Toa, usibane."

Basi zima likapiga makofi.

Hapo mtu mwenye akili angesimama na kusema jamani tumekosea basi. Nikaanza kunyanyuka. So-dam akanivuta kizibao.

"Kaa. Tuko barabara kuu, atatushusha wapi?"

"Sasa tufanyeje?"

"Tukaushe. Tuigize kidogo, tupige picha, turudi. Chakula chenyewe bure."

Macho yalikuwa yanamcheka. Nikampenda upya, nawaambieni ukweli. Tukabanana kwenye kiti tukizuia kicheko kama wanafunzi watoro.

Tulipelekwa Mlima Moak, hata siyo mbali. Jozi kumi na mbili za wanandoa, ukituhesabu sisi matapeli. Mwalimu Bong akatuketisha mduara chini ya mti mwekundu mkubwa, kila mume na mke wamegeuziana migongo.

"Zoezi ni moja," akasema. "Kila mtu anamwambia mwenzake kitu ambacho hajawahi kumwambia."

Mzee mmoja akaanza. "Supu yako ya maharage haina ladha. Mwaka wa thelathini huu."

Mkewe akajibu bila kugeuka, "Huwa nakupimia chumvi kwa sababu ya presha yako, mjinga wewe."

Watu wakaguna. Mzee masikio yakamwiva.

Zamu yetu ikafika.

So-dam akajikohoza kama msanii. "Mume wangu anakoroma."

"Mama Pyo," Mwalimu Bong akatikisa kichwa, "hiyo jirani zako wote wanaijua. Chimba."

"Anaacha taulo kitandani."

"Chimba!"

Nikasikia mgongo wake ukikaza kwenye mgongo wangu.

"Jumanne na Alhamisi," akasema taratibu, "huwa siko Jeonju."

Nikatabasamu. Nikasema huyu mwanamke anajua kuigiza jamani!

"Ukitoka kwenda kazini, mimi napanda treni narudi Seoul. Nashinda kwa mama. Nakula, nalala kwenye chumba changu cha zamani. Saa kumi na moja nimeshageuza. Zile picha za katikati ya wiki ni za Jumamosi. Ndiyo maana ya makoti matatu."

Tabasamu langu likaisha.

"Naichukia Jeonju. Siku nzima sina hata wa kumwambia chai imepoa. Naweka picha ili watu wasijue kwamba nimeacha kazi yangu nikaja kukaa na kuta."

Wale wanawake wengine wakaanza kupangusa macho. Mama mmoja alikuwa anamenya njugu za kuchoma, akasogeza mkeka wake karibu ili asikie vizuri.

Mimi badala ya kuumia, nikakasirika. Miezi miwili nadanganywa! Na hasira haina breki.

"Basi na mimi nichimbe," nikasema. "Kampuni haikunihamisha. Niliomba mwenyewe."

Mgongo wake ukaondoka mgongoni kwangu. Nusura nianguke chali.

"Umesema?"

"Niliandika barua. Nilichoka na mama yako. Ana namba za siri za kufungulia mlango wetu, anaingia anapotaka. Natoka bafuni na taulo, namkuta anapanga kabichi za kimchi kwenye friji! Kila siku, So-dam. Kila siku! Nikaona tukienda mbali tutapumua."

Mduara mzima ulisema "Heee!" kwa pamoja.

So-dam alisimama mbele yangu. Hakupiga kelele. Bora angepiga.

"Niliacha kazi ya miaka tisa," akasema, "kwa sababu wewe uliogopa kumwambia mama yangu abishe hodi."

Nilinyoosha mkono nimshike.

Akavua kizibao, akakitupa, akaanza kushuka mlima. Mwalimu Bong akamkimbilia huku anapunga orodha. "Mama Pyo usiondoke! Hapo ndipo tiba inapoanzia!"

Wanawake wakamfuata So-dam kama jeshi. Wanaume wakabaki na mimi. Yule mzee wa supu akanipigapiga bega. "Kijana, mimi nilikuja hapa nikijiona ndiye mwenye matatizo. Umenipa moyo."

Kurudi, So-dam alikaa kulia, mimi kushoto, kila mtu na dirisha lake. Sasa hakuna aliyetushangaa. Tulikuwa tumefanana nao.

Saa kumi jioni tukashuka pale pale uwanjani. Na lile basi la pili, basi letu halali, nalo likaingia.

Lilisikika kabla halijasimama. Nyimbo, vigelegele, miguu inapigwa sakafuni. Mlango ukafunguka, akashuka baba mmoja kipara, ameshikana mkono na mkewe. Wote wananuka pombe nyeupe ya mchele, mkewe ana jani jekundu kwenye nywele.

Wakaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Bong wakainama.

"Mwalimu, tusamehe," mke akasema. "Sisi ndio akina Pyo. Tuliwahi asubuhi tukapanda basi siyo. Dada wa basi akatuuliza kama sisi ni Gyu-tae na So-dam, huyu bwana kwa kununa kwake akaitikia tu."

"Sikutaka kuongea," mumewe akasema. "Nilikuwa nimepanga nisiongee siku nzima."

"Halafu wakatupa chapati za vitunguu, wakatutoa kucheza. Mwalimu, tangu mwaka jana ni watu kutuuliza tu. Mama yake, kaka zangu, wakili. Leo hakuna aliyetuuliza kitu. Nikamwona huyu anacheza, nikakumbuka kumbe ni mchekeshaji." Akamfinya mumewe shavu. "Ile fomu tumeshaichana. Ilikuwa kwenye mkoba, tukafungia njugu."

Mwalimu Bong alituangalia sisi. Akawaangalia wao. Akaangalia orodha yake.

"Pyo," akasema polepole, akaweka tiki. "Wamefanikiwa."

Wallahi aliweka tiki. Mimi na So-dam hatukuwa hata kwenye orodha ya walioharibika.

Siku tatu nyumbani hatukusemeshana. Jumatano So-dam akachukua begi, akaenda kwa mama yake, safari hii bila kujificha. Mtandaoni hakuna picha. Marafiki wakaanza kuuliza, "Vipi, majani yameisha huko?"

Jumapili nikapanda treni. Njia nzima najipanga nitakavyomwambia mama mkwe. Nilimkuta jikoni ana glovu za mpira, anapaka pilipili kwenye kabichi. Nikapiga magoti sakafuni.

"Mama, nilihama kwa sababu yako. Nilikosa adabu. Nilipaswa kukwambia usoni."

Hakugeuka. Akamaliza kabichi yake.

"Gyu-tae, nyumba yenu ilikuwa ghorofa ya ngapi?"

"Ya tano, mama."

"Ina lifti?"

"Haina." Muuza lifti mimi, nakaa jengo lisilo na lifti.

"Nina miaka sitini na minane na goti bovu. Unadhani nilikuwa napenda kupanda ghorofa tano kila siku na ndoo ya kimchi?"

Akafunika ndoo ya kabichi.

"So-dam ndiye alikuwa ananiita. Tena kila siku. Alikuwa anasema, mama njoo, Gyu-tae akirudi anakula, anashika simu, analala. Njoo nipate mtu wa kuongea naye." Akavua glovu moja. "Nilivyosikia mnahama nilishangilia. Nikasema afadhali, huko hawana mtu, wataongea wenyewe."

Jamani. Kuna kupigwa, halafu kuna kupigwa na mtu ambaye hajakunyanyulia hata mkono.

Nilimhama mama mkwe kilomita mia mbili, kumbe aliyekuwa anamleta kwenye ile nyumba ni mimi.

So-dam alikuwa mlangoni. Sijui alisimama hapo tangu lini.

"Umekula?" akaniuliza.

"Bado."

"Kaa basi."

Tulikula watatu. Simu niliiacha kwenye koti. Tuliongea mpaka mama mkwe akatuomba tupunguze maneno, kichwa kinamgonga.

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka siku hiyo. Alinisema kwa wiki mbili, na alikuwa na haki. Kliniki walimrudisha siku tatu kwa wiki, anapanda treni bila kumficha mtu. Jeonju bado haipendi sana. Lakini amepata rafiki, yule mama Pyo wa kweli. Wanakwenda kukanda chapati pamoja, na sisi waume tunaitwa kuosha sufuria.

Sasa wewe unayesoma hapa huku mwenzako amekaa pembeni yako na simu yake.

Msijisifu kwa picha. Na msisubiri mshauri wala mlima. Mgeukie sasa hivi, muulize siku yake ilikuwaje, halafu ukae kimya mpaka amalize.

Jibu linaweza kukuuma. Lakini utakuwa umelisikia wewe wa kwanza, siyo wa ishirini na nne kama mimi.